Mbwa wa nasaba wanaouzwa Tabora: tathmini ya kituo kimoja na ya herufi zilizo kwenye karatasi zake

Nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa barabara iendayo Nzega, kuna kituo kinachozalisha mbwa aina ya German Shepherd, kinachouza watoto wenye karatasi za nasaba, na ambacho pia hupokea mbwa wa watu kwa mafunzo ya utii na ulinzi. Wateja wake wengi ni wenye maghala ya asali na tumbaku, wafanyabiashara wa maduka ya jumla, na watumishi waliojenga Ipuli na Malolo. Nilikwenda huko pamoja na dada yangu, ambaye alikuwa anatafuta mbwa wa kulinda nyumba yenye watoto wadogo. Nimefuga mbwa kwa miaka mingi na ndugu zangu huniita wanapotaka kununua, kwa hiyo nilijua mapema ninachotaka kuuliza. Jina la kituo naliacha, kwa sababu sehemu ya tathmini hii ni lawama, na lawama yenyewe inawagusa wauzaji wengi wa mbwa wa aina hii, si huyu peke yake.

Yaliyo mema ni mengi, na ni haki yatangulie. Mabanda yamejengwa kwa matofali ya kuchoma chini ya miembe, sakafu ni ya saruji yenye mwinamo unaopeleka maji nje, na hakuna harufu ile inayomlaki mtu getini katika sehemu nyingi zinazofuga mbwa kwa biashara. Chakula ni ugali wa dona uliopikwa na dagaa pamoja na nyama ya vichwa, na kila mbwa ana bakuli lake. Watoto hawaondolewi kwa mama yao kabla ya kufikisha wiki nane, wameshapewa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, na vijana wa kazi wanawashika, kuwabeba na kuwazoesha sauti za watu kila siku. Mwenye kituo ni mzee mstaafu, mpole, anayejibu kila swali bila kukasirika. Hakutuficha mbwa yeyote, na hakuna karatasi aliyokataa kuitoa.

Hayo yote ningeyalipia kwa furaha. Kilichonisimamisha ni bei. Wakati tulipokwenda kulikuwa na majike wawili wanaonyonyesha, wote wamepandwa na dume mmoja aliyeletwa kutoka Nairobi. Mtoto wa jike wa kwanza aliuzwa shilingi 800,000, na mtoto wa jike wa pili shilingi 450,000. Umri ulikaribiana, afya ilikuwa ile ile, baba ni mmoja.

“Mzee, kwa nini hawa ni laki nane na wale ni laki nne na nusu?” nilimuuliza.

“Mwanangu, soma hapa,” alijibu, akiigonga karatasi kwa kidole. “Babu wa mama yao ni VA. Hii ni damu ya mabingwa. Wale wengine mama yao ana BH na AD tu.”

Neno hilo “tu” ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa wanunuzi wa Tabora na Kigoma, ambao wengi hununua kwa kutazama wingi wa herufi, wanastahili kujua kila herufi ilipatikanaje kabla ya kuilipia mamia ya maelfu.

Cheo cha mbwa, cha nchi yoyote ile, husimama juu ya mambo matatu. Kuna kanuni zilizoandikwa kabla ya mashindano au mtihani, ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Kuna mwamuzi ambaye si mwenye mbwa wala si muuzaji wake. Na kuna daftari la chama kinachotambulika ambamo matokeo huandikwa kwa namba ya usajili ya mbwa huyo. Likikosekana moja kati ya hayo, kinachobaki ni sifa ya mdomoni. Vyama vikubwa vinavyotunza madaftari hayo ni vya zamani: kile cha Uingereza, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873, kile cha Marekani, AKC, mwaka 1884, chama cha Ujerumani cha German Shepherd, SV, mwaka 1899, na shirikisho la kimataifa, FCI, mwaka 1911, lenye makao yake Thuin nchini Ubelgiji. Karibu na sisi iko East Africa Kennel Club yenye makao Nairobi, na ndiyo iliyomsajili yule dume wa kituo hiki.

Herufi za maonesho ndizo zinazosifiwa zaidi na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Katika maonesho, mwamuzi humtazama mbwa akiwa amesimama na akiwa anatembea, humpapasa mifupa, humkagua meno, kisha humlinganisha na maelezo ya maandishi ya namna mbwa wa aina hiyo anavyopaswa kuwa. Swali analolijibu mwamuzi ni kama mbwa huyu anafaa kuwa mzazi wa kizazi kijacho cha aina yake, na ndiyo maana mbwa aliyehasiwa haruhusiwi kushindania ubingwa wa umbo katika AKC, ingawa michezo ya utii na kazi iko wazi kwake. Herufi CH mbele ya jina la mbwa wa Marekani inamaanisha kwamba alikusanya pointi 15 chini ya waamuzi wasiopungua watatu, na kwamba walau mara mbili alishinda maonesho makubwa yenye kutoa pointi tatu hadi tano kwa siku moja, chini ya waamuzi tofauti. Uingereza hawahesabu pointi: mbwa anahitaji hati tatu za ushindi zinazoitwa CC, kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, na walau moja aipate akiwa ametimiza mwaka mmoja. Ubingwa wa kimataifa wa FCI hudai hati nne za ushindi ziitwazo CACIB, katika nchi tatu, kwa waamuzi watatu, huku kati ya hati ya kwanza na ya mwisho pakipita mwaka mmoja na siku moja. Kwa aina za mbwa wa kazi, German Shepherd akiwamo, CACIB mbili hutosha endapo mbwa amefaulu pia jaribio la kazi.

Wajerumani wana namna yao, na hii ndiyo iliyojaa kwenye karatasi zinazofika kwetu. Katika maonesho ya SV, V ni daraja la juu la kawaida kwa mbwa mzima, SG ni nzuri sana, G ni nzuri. Mbwa ambaye hajafikisha miezi 24 hawezi kupewa V hata angekuwa mzuri kiasi gani. Kwake SG ndiyo kilele. Nimewahi kusikia mnunuzi akimdharau mbwa wa miezi ishirini kwa sababu “ana SG tu”, na kwa kweli mbwa huyo alikuwa ameshinda kila kinachoshindika katika umri wake. VA iko juu ya V, na hutolewa mara moja kwa mwaka, katika maonesho makuu ya SV nchini Ujerumani, kwa mbwa wachache mno. Ni heshima ya kweli. Mbwa hapewi VA kwa umbo peke yake, kwani ni lazima awe na cheti cha kazi na awe amekaguliwa na kuidhinishwa kuzalisha.

Kwa hiyo mzee hakusema uongo. Niliitazama karatasi yenyewe, nakala ya nasaba ya Kijerumani yenye rangi ya waridi, rangi ambayo SV huwapa watoto ambao wazazi wao wote wawili wameidhinishwa kuzalisha, na VA ilikuwa pale, imechapwa kando ya jina la babu wa jike. Lakini karatasi hiyo ilikuwa ya mama wa jike, si ya jike mwenyewe. Kutoka kwa babu huyo hadi kwa mtoto tuliyekuwa tunaonyeshwa kuna vizazi vitatu. Mtoto ana mababu na mabibi wanane katika ngazi hiyo, na kila mmoja, kwa wastani, amechangia moja ya nane ya damu yake, yaani asilimia 12.5. Mama mwenyewe anachangia nusu. Na mama huyu wa laki nane hakuwa na herufi hata moja yake binafsi. Hajawahi kusimama mbele ya mwamuzi wa umbo, wa utii, wala wa tabia. Baba naye ana usajili bila cheo. Familia inayolipa nyongeza ya shilingi 350,000 inailipia sehemu moja ya nane, na inapewa ile nusu nzima bila uthibitisho wowote.

Sasa tumtazame yule mwingine, wa “BH na AD tu”.

BH ni mtihani wa mbwa mwandani, na kwa Wajerumani ndio mlango wa mitihani yote ya kazi. Mbwa haruhusiwi kuufanya kabla ya kutimiza miezi 15. Kwanza hukaguliwa tabia: mwamuzi humsogelea, husoma namba ya kifaa kidogo kilicho chini ya ngozi yake, na kutazama kama mbwa anaogopa au anataka kung'ata. Anayeshindwa hapo hurudi nyumbani. Kisha huja utii uwanjani, kwa kamba na bila kamba, na kulala chini akitulia wakati mbwa mwingine anafanya kazi. Baada ya hapo hutoka barabarani, katikati ya watu, baiskeli, magari na mbwa wengine, na kwa muda mfupi hufungwa peke yake bwana wake akiwa haonekani. Huko Ujerumani hata mwenye mbwa hutahiniwa kwa maandishi anapofanya mtihani huo kwa mara ya kwanza, jambo ambalo natamani lingefika kwetu. AD ni jaribio la ustahimilivu: mbwa hukimbia kilomita 20 kando ya baiskeli, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, akiwa na vituo vya kupumzika ambapo nyayo zake na hali yake hukaguliwa. Mbwa mwenye nyonga mbovu, moyo dhaifu au akili isiyotulia hamalizi. Jike huyu, aliyezaliwa na kufundishwa Afrika Kusini kabla ya kuuzwa Tanzania, alifaulu yote mawili, na katika maonesho alipata G, ambayo ndiyo iliyomshusha bei machoni pa wanunuzi. Huenda mgongo wake haukumvutia mwamuzi. Mwizi hatauona mgongo huo.

Juu ya BH iko mitihani ya IGP, na hapa kuna mkanganyiko wa majina ambao wauzaji huutumia, wengine kwa kutojua. Mtihani huu uliitwa kwanza SchH, baadaye IPO, na tangu mwaka 2019 unaitwa IGP. Mbwa wa SchH 3 na mbwa wa IGP 3 wamepita njia moja kwa kanuni za nyakati tofauti, hivyo asitokee mtu akakuambia kuwa kimoja ni cheo kikubwa kuliko kingine. Mtihani huu una sehemu tatu, kila moja ya alama 100: kufuata nyayo kwa pua, utii, na ulinzi. Mbwa hufaulu akipata walau alama 70 katika kila sehemu, na hakuna kufidia sehemu moja kwa nyingine. Katika utii hufyatuliwa risasi za sauti, na anayezikimbia hutolewa. Katika ulinzi hutakiwa kumtafuta mtu aliyejificha, kumbwekea bila kumgusa akiwa ametulia, kumkamata mkono wenye pedi akikimbia au akishambulia, na kumwachia anapoamriwa. Kuachia ndiko ninakokujali mimi kuliko kung'ata. Mbwa asiyeachia hutolewa mashindanoni hata kama amekamata kwa nguvu za kustaajabisha, na kanuni hiyo moja inaeleza tofauti yote kati ya mbwa wa ulinzi na mbwa wa hatari.

Vyeo vingine vya kazi nitavipitia kwa haraka, kwa kuwa haviji sana huku. Karatasi za Marekani hubeba CD, CDX na UD kwa utii, ambapo mbwa hupaswa kufaulu mara tatu kwa alama zisizopungua 170 kati ya 200, na TD au TDX kwa kufuata nyayo. Kuna herufi za michezo ya vikwazo, za kuchunga kondoo, za kuokota ndege waliowindwa. Kwa kawaida ubingwa huandikwa mbele ya jina na vyeo vingine nyuma yake, kwa hiyo jina refu lisikutishe: soma cha mbele, soma cha nyuma, kisha uliza kimetoka chama gani.

Vyeti vya tabia ndivyo vilivyo karibu zaidi na maisha ya nyumbani, na ndivyo ambavyo sijawahi kuviona vikipandisha bei ya mbwa mkoani kwetu. CGC ya Wamarekani ilianzishwa mwaka 1989 na ina hatua kumi. Mgeni anamsalimia bwana huku mbwa akitulia, mgeni anampapasa, mtu asiyemjua anamchana manyoya na kumshika masikio na miguu, anatembea kamba ikiwa imelegea, anapita kati ya watu, anakaa, analala na kubaki mahali pake, anaitika anapoitwa, anakutana na mbwa mwingine, anasikia kishindo cha ghafla, na mwishowe anaachwa na mtu mwingine kwa dakika tatu bwana wake akiwa haonekani. Hakuna alama, kuna kufaulu au kushindwa, na mtihani uko wazi kwa mbwa yeyote, awe wa nasaba au chotara. Kipo pia cheti cha TT, kinachotolewa na chama cha Marekani cha kupima tabia kilichoanzishwa mwaka 1977. Huko mbwa wa miezi 18 na zaidi hupitishwa kwa dakika kama kumi kwenye njia yenye wageni wa namna mbalimbali, ndoo ya mawe inayotikiswa mahali pasipoonekana, milio ya risasi, mwavuli unaofunguliwa ghafla, sakafu ya plastiki, waya wa kukanyaga, na mwishoni mtu mwenye vitisho. Watathmini watatu humtazama, na hawatafuti mbwa asiyeshtuka. Wanatafuta anayeshtuka, akachunguza, akarudi katika hali yake.

Hapa Tabora hakuna wa kutoa vyeti hivyo, lakini hatua zake si siri, na mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji amtoe mzazi wa watoto afanyiwe chache kati yake. Mzee alikubali bila kusita, na kwa hilo namheshimu. Majike wote wawili walitolewa mmoja baada ya mwingine, mbali na watoto wao, kamba ikiwa imelegea. Nilimsalimia mzee kwa mkono nikiwapuuza mbwa, kisha kijana wa kazi akadondosha kifuniko cha sufuria nyuma yao, halafu dada akafungua mwavuli hatua chache mbele. Jike wa BH aliruka kifuniko kilipoanguka, akageuka, akakiendea na kukinusa, akarudi kukaa kando ya mzee. Mwavuli aliutazama tu. Jike wa damu ya VA alipita nyuma ya miguu ya mzee, mkia ukiwa katikati ya mapaja, akaningurumia mimi niliyekuwa sijasogea, na alikuwa bado anahema tulipomrudisha bandani. Wakati huo kundi la watoto waliotoka madrasa lilikuwa linapita nje ya uzio. Jike wa BH alisimamisha masikio. Yule wa damu ya VA aliuvamia uzio na kubweka mpaka watoto walipotoweka.

Alasiri moja haitoshi kumhukumu mnyama, na jike anayenyonyesha huwa na wasiwasi kuliko kawaida. Lakini wote wawili walikuwa wananyonyesha, na mmoja wao ana karatasi inayosema kwamba mwamuzi asiyemjua, katika nchi nyingine, aliona kile kile nilichokiona mimi. Katika mitaa kama Ng'ambo na Isevya, ambako majirani wengi ni Waislamu wasiopenda kuguswa na mbwa, na watoto hupita malangoni alfajiri na jioni, mbwa mwoga anayebwekea kila kivuli ni ugomvi wa kila siku na majirani, na siku geti likisahauliwa wazi ni msiba.

Nije kwenye huduma ya mafunzo, ambayo nina lawama nayo kubwa zaidi. Kituo hupokea mbwa kwa wiki sita, na mwisho wake mwenye mbwa hukabidhiwa cheti chenye mhuri wa dhahabu kinachomtangaza mbwa wake kuwa wa ulinzi aliyethibitishwa. Mkufunzi ni hodari, nilimwona akifanya kazi kwa sauti ya chini na vipande vya nyama badala ya fimbo, na mbwa wa kienyeji aliyekuwa mikononi mwake siku hiyo alikuwa anakaa, analala na kuitika vizuri kuliko mbwa wengi wa bei kubwa ninaowajua. Kazi hiyo inastahili malipo. Cheti hakistahili. Aliyefundisha ndiye aliyetahini, ndiye aliyetia sahihi, na ndiye aliyelipwa; hakuna kanuni iliyochapishwa wala daftari la mtu mwingine. Nilipoomba kuonyeshwa namna mbwa wa “ulinzi aliyethibitishwa” anavyoachia, nilijibiwa kwamba sehemu hiyo hufundishwa kwa malipo ya ziada. Mbwa aliyefundishwa kung'ata na hajafundishwa kuachia asingepewa cheo cha ulinzi na chama chochote kati ya nilivyovitaja. Namwomba mzee aibadilishe karatasi hiyo iwe hati ya mahudhurio, yenye orodha ya amri ambazo mbwa anazijua, na kuachia kuwe ndani ya bei ya msingi.

Jambo jingine ambalo herufi zake si cheo lakini huchapwa pamoja na vyeo ni afya ya nyonga. German Shepherd ni miongoni mwa aina zinazosumbuliwa sana na nyonga zisizokaa sawasawa. SV ilianza kutoa alama yake ya “a” kwa mbwa waliopigwa picha za eksirei na nyonga zao kukubalika mwaka 1966, mwaka ule ule ambao Marekani ilianzishwa OFA, taasisi ya kukagua nyonga za mbwa, ambayo haitoi daraja la mwisho mpaka mbwa atimize miezi 24. Jike wa BH ana alama hiyo. Yule mwingine hana. Kituo hakikulitaja hili mpaka nilipouliza, ingawa lilikuwa limechapwa pale pale, na kwa maoni yangu ni habari yenye thamani kuliko VA ya mbwa aliyekwisha kufa.

Na yako mambo ambayo karatasi yoyote ya Ulaya haiwezi kuyasema. Misitu ya miombo inayouzunguka mji huu ina mbung'o, na mbwa wa kigeni huugua ndorobo na homa ya kupe kwa ukali ambao mbwa wetu wa kienyeji mara nyingi huustahimili. Hakuna mwamuzi wa maonesho anayelipima hilo. Majike wote wawili wameishi hapa misimu kadhaa bila kuugua sana, kwa maelezo ya mzee na kwa daftari la daktari wa mifugo nililoonyeshwa, na katika mazingira yetu hicho nacho ni kipimo. Wanaodhani mbwa wa Afrika hawana nafasi katika vitabu vya wakubwa wakumbuke basenji, mbwa wa misitu ya Kongo ng'ambo ya ziwa letu, ambaye AKC ilimwingiza katika daftari lake miaka ya 1940.

Karatasi zenyewe za kituo ni za kweli, kadiri nilivyoweza kuzihakiki. Mzee ana kifaa cha kusomea namba chini ya ngozi, na tarakimu 15 zilizojitokeza begani kwa jike wa BH zililingana na zilizoandikwa kwenye hati yake ya Afrika Kusini. Anayenunua popote pengine aombe jambo hili hili mbele ya macho yake, maana hati halisi ya mbwa mwingine ni rahisi kupatikana kuliko hati ya kughushi. Aombe pia nakala ya matokeo ya mtihani wenyewe, yenye tarehe, alama na sahihi ya mwamuzi, kwani mwenye cheo halali huwa nayo.

Kwa ujumla wa huduma, kwa malezi ya watoto, usafi na uwazi wa mzee, kituo hiki nakipa alama za juu kuliko kingine chochote nilichokitembelea katika mikoa yetu hii ya magharibi. Kwa upangaji wa bei nakipa alama ndogo, na kwa vyeti vyake vya mafunzo sikipi chochote mpaka virekebishwe. Dada alichukua mtoto wa kike wa jike wa BH kwa shilingi 450,000, na tuliondoka na nakala za hati za mama, daftari la chanjo, na ahadi ya maandishi kwamba atapokelewa akirudishwa kwa kasoro ya kuzaliwa ndani ya mwaka mmoja. Wanaotoka Kigoma, Urambo au Kaliua wapige simu kabla ya kusafiri, kwa sababu mzee hatoi mtoto wa chini ya wiki nane hata akiahidiwa nyongeza. Wajue pia kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha miezi mitatu, hivyo haitakuwamo kwenye daftari wanalokabidhiwa, na itabidi waifuate wenyewe kwa daktari wa mifugo wa wilaya yao.